Kwa nini tofali bichi hurudi tope na la kuchoma hudumu?

Tofali lililokauka juani na tofali lililochomwa yanaweza kutoka shimo moja la udongo. Mvua ikinyesha siku kadhaa, la kwanza hulainika na ukuta huweza kuanguka. La pili hubaki. Ni vivyo hivyo kwa chungu na jiko la udongo. Tofauti inaletwa na moto.

Udongo mbichi

Udongo wa mfinyanzi una vipande vidogo sana, bapa kama kurasa za kitabu. Katika kaolinaiti, madini yaliyo mengi kwenye udongo wa nchi za joto, kila ukurasa una tabaka la silika na tabaka la alumini. Maji yakiingia kati ya vipande, vinateleza. Ndiyo maana udongo uliolowa hufinyangika.

Joto linapopanda (nyuzi za Selsiasi)

- Karibu 100: unyevu huondoka. Ukichemka haraka, mvuke hupasua chombo. Kwa hiyo kausha kivulini kwanza, kisha anza na moto mdogo.
- 300 hadi 500: mabaki ya mizizi na majani huungua.
- 450 hadi 600: hapa ndipo penye badiliko kubwa. Kaolinaiti ina haidrojeni na oksijeni zilizofungwa ndani ya umbo lake. Joto huzitoa kama mvuke, na kaolinaiti safi hupoteza karibu asilimia 14 ya uzito wake. Mpangilio wa kurasa huvurugika. Kuanzia hapo, kuuloweka udongo hakuurudishi kuwa tope.
- 573: chembe nyingi za mchanga hupanuka ghafla, na hujikunja tena tanuri likipoa. Ukifungua tanuri mapema, nyufa hutokea.
- 900 hadi 1000: vipande hushikana, na sehemu yake huyeyuka kama kioo na kuviunganisha. Hapa tofali hupata nguvu yake.

Usitegemee rangi pekee

Chuma kilichomo kwenye udongo huwa chekundu kikipata hewa ya kutosha. Hewa ikiwa haba na moshi mwingi, udongo huwa mweusi. Rangi nzuri haithibitishi kwamba tofali limeiva hadi ndani.

Jinsi ya kupima

Vunja tofali moja kutoka pembeni mwa tanuri, ambako joto huwa dogo. Loweka kipande usiku kucha. Kikilainika au kumeguka, usitumie matofali ya sehemu hiyo kwenye msingi. Kuchoma nusunusu ni hasara mara mbili: kuni zimekwisha na tofali bado ni bichi.

Kama huna kuni za kutosha

Nyumba ya matofali mabichi inaweza kudumu ikikingwa na maji. Inua msingi kwa mawe, refusha paa lipite kuta, chimba mfereji wa kuondoa maji, na ziba nyufa za lipu kabla ya masika.