Kidonge cha Zamu ya Usiku

Kidonge cha kwanza nilipewa na mwenzangu wa zamu, kimefungwa kwenye kipande cha tishu. Ilikuwa saa 11 jioni, tunasubiri basi la wafanyakazi. Nilikuwa fundi wa maabara katika mgodi mmoja wa dhahabu ukanda wa Geita. Ulikuwa usiku wangu wa nne mfululizo, na usiku uliotangulia nilikuwa nimesinzia nikiwa nimesimama mbele ya tanuru la kuyeyushia sampuli.

"Meza hiki, dada," aliniambia. "Kaka kanitumia kutoka India. Hata wanajeshi wanatumia."

Usiku ule sikusinzia hata kidogo. Kichwa kiliuma, mdomo ulikauka, moyo ulikwenda mbio kidogo, lakini macho yalikuwa makavu kama mchana. Nikamwomba vingine.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa mjamzito, na kijiti cha uzazi wa mpango bado kipo mkononi, hakijamaliza muda wake. Mama alisema kijiti kilikuwa kibovu. Nesi wa kliniki hakubishana naye. Aliniuliza swali moja tu: "Unatumia dawa gani nyingine?"

Hapo ndipo nilipoanza kusoma historia ya kile kidonge.

Kuhusu wanajeshi, mwenzangu hakukosea. Mwaka 1938 Ujerumani ilianza kuuza Pervitin, vidonge vya methamfetamini, bila cheti cha daktari. Vita vilipoanza, askari walipewa kwa mamilioni. Kufikia 1941 serikali yao yenyewe ilikuwa imevibana. Waingereza nao waliwapa askari wao Benzedrine huko Afrika Kaskazini. Japani ilitoka vitani na akiba kubwa ya dawa za namna hiyo, zikamwagika mitaani, na mwaka 1951 ikabidi itunge sheria ya kuzizuia.

Kidonge changu, modafinili, ni cha ukoo mwingine. Kilitoka maabara ya Lafon, Ufaransa, miaka ya 1970. Michel Jouvet wa Lyon, mtafiti wa usingizi, alikipigania kwa ajili ya wagonjwa wa narkolepsi, watu ambao usingizi huwaangusha mchana hata kama usiku wamelala. Marekani ilikiruhusu kwa ugonjwa huo mwaka 1998. Mwaka 2004 ikaongeza kundi jingine: wafanyakazi wa zamu ambao usingizi wao umevurugika. Watu kama mimi.

Lakini mwaka 2010 shirika la dawa la Ulaya lilipitia ushahidi upya na kushauri kibaki kwa narkolepsi peke yake. Kwa wengine, wakiwemo wa zamu, faida haikuzidi hatari: matatizo ya moyo, wasiwasi na kuchanganyikiwa akili, na upele adimu unaoweza kubabua ngozi na kujaza vidonda mdomoni. Anayeona dalili hizo aache dawa na kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Jibu la swali la nesi lilikuwa humo pia. Modafinili huliamsha ini livunje homoni haraka zaidi, hivyo kijiti na vidonge vya majira hupungukiwa nguvu, na hali hiyo huendelea hadi miezi miwili baada ya kuacha. Anayekitumia anahitaji kinga isiyotegemea homoni, kama kondomu au kitanzi cha shaba. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilionya kuwa kikitumika wakati wa ujauzito huenda kikamdhuru mtoto. Nilikuwa nimekimeza wiki sita bila kujua nina mimba.

Ningekwenda kwa daktari, angeniuliza kuhusu moyo, presha, uzazi, na dawa ninazotumia. Kipande cha tishu hakiulizi kitu.

Baba yangu alifanya kazi Mwadui, Shinyanga, kwenye mgodi wa almasi aliougundua Williamson mwaka 1940. Akirudi kutoka zamu ya usiku, mama alitundika khanga dirishani na kutufukuza uani, tukacheze mbali. Jirani akiwasha redio, mama alikwenda kumwomba apunguze. Baba alilala hadi saa 8 mchana. Sikujua kwamba ile khanga ilikuwa dawa.

Mimi nilipanga chumba mjini chini ya bati, karibu na karasha la kusaga mawe. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001, na mitambo ya namna hiyo haizimwi usiku. Nje ya uzio, wachimbaji wadogo nao wanashuka duarani usiku kucha. Mji mzima unakesha, halafu asubuhi karasha linaanza. Kidonge humezwa saa 12 jioni. Saa 3 asubuhi, ukitafuta usingizi, karibu nusu yake bado imo kwenye damu. Kwa hiyo kesho yake unakihitaji tena. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa; mimi nilikuwa nakopa juu ya deni.

Katika kila kipimo cha picha nilimwomba mpimaji ahesabu vidole, anioneshe mdomo, anioneshe moyo. Binti yangu alizaliwa salama. Nilijua ni bahati, maana hakuna aliyeniahidi.

Nilihama kile chumba. Nikiwa zamu ya usiku, mama ndiye hubaki naye asubuhi. Dirishani kwangu pametundikwa khanga.