Njia za Kuuendea Ualimu wa Shule ya Msingi

Vijana wetu wa Moi's Bridge, mji ulioitwa zamani Hoey's Bridge, hutuuliza kama yafaa kupitia chuo kikuu ili kufundisha shule ya msingi. Twawajibu kwa historia.

Mwaka 1925 Skuli ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, kuwafunza walimu watakaozizungukia shule ndogo za vijijini. Baada ya Uhuru, kwa miaka mingi, cheti cha P1, cha miaka miwili chuoni, kilikuwa ufunguo wa darasa la msingi. Mwenye digrii alielekea sekondari. Watu wakazoea kudhani kwamba mtoto mdogo hahitaji mwalimu mwenye elimu kubwa.

Mwaka 1984 Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa Eldoret, mwendo usio mrefu kutoka kwetu, na vyuo vikuu nchini vikaja kutoa digrii ya ualimu wa msingi. Mwaka 2021 vyuo vya ualimu navyo vilianza diploma badala ya P1.

Basi kabla ya kuuza ng'ombe kwa karo ya digrii, mzazi na aulize kwanza Tume ya kuajiri walimu inakubali cheti kipi. Lakini asiseme kwamba elimu hiyo ni kubwa mno kwa watoto wadogo: msingi wa nyumba haupewi fundi aliyebaki.