Bujora: Ngoma za Watemi na Ugomvi wa Ngika na Gumha

Makumbusho ya Wasukuma yapo kwenye kilima cha Bujora, Kisesa, kiasi cha kilomita 20 kutoka Mwanza mjini. Yalianzishwa na padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Canada, ambaye wenyeji walimpa jina la Fumbuka. Mwaka 1958 alijenga kanisa la duara, mfano wa nyumba ya Kisukuma. Makumbusho yalifuata mwaka 1968.

Kazi hiyo ilikuja kwa wakati wake. Mwaka 1963 serikali ilifuta utemi, yaani utawala wa machifu wa jadi, na ngoma za watemi zikabaki bila ikulu. Huko Bujora zilijengewa banda lenye umbo la kiti cha mtemi, hivyo jengo lenyewe likawa sehemu ya maonyesho.

Banda la vyama vya ngoma linahifadhi ugomvi mkubwa wa sanaa ya Usukuma. Simulizi husema kwamba katika karne ya 19 manju wawili, Ngika na Gumha, walishindana nani ana dawa kali zaidi ya kuvuta watu. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu. Makundi hayo hucheza siku moja, uwanja mmoja, kwa wakati mmoja. Watazamaji huhama upande hadi upande, na penye umati mkubwa ndipo penye ushindi. Kwa kuwa anayerudia ya jana hukimbiwa, ushindani ulizaa ubunifu: kikundi cha Bagobogobo kilicheza na majembe, cha Bayeye kikaingia na chatu, na wachongaji wakatengeneza sanamu za miti za kutikisa uwanja. Baadhi ya sanamu hizo sasa ziko katika makumbusho ya Ulaya.

Mashindano hayo yanaendelea katika Bulabo, sherehe inayofuata sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo.

Hata hivyo, siku hizi Kanda ya Ziwa, ilipo Bujora, inajulikana zaidi kwa dhahabu: mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu, jirani na Bugarama, mwaka 2001. Tangu 2017 sheria inaitaka migodi iandae kila mwaka mpango wa kuchangia jamii. Madarasa na zahanati kutokana na michango hiyo ni haki ya wananchi. Sanaa nayo ni haki yao. Sehemu ya fedha za michango hiyo iwapeleke wanafunzi wa Bugarama Bujora, na igharamie matunzo ya mabanda yake.