Storm, mwanamke wa mvua: uanzie wapi kusoma hadithi zake

Swali hili limetufikia kwa ujumbe mfupi zaidi ya mara moja, na mara nyingi huja baada ya sisi kusoma utabiri wa hali ya hewa. Yule mwanamke mwenye nywele nyeupe anayeita radi kwenye sinema za X-Men, zile zinazooneshwa kwenye vibanda umiza zikiwa zimewekewa maelezo ya Kiswahili, ni kweli ni mtu wa huku kwetu? Na kama hadithi yake ipo kwenye vitabu vya katuni, mtu aanzie wapi kusoma?

Swali la kwanza tunajibu ndiyo, lakini nusu. Anaitwa Storm, yaani Dhoruba, na jina alilopewa na wazazi ni Ororo Munroe. Baba yake, David, ni Mmarekani mweusi mpiga picha wa magazeti. Mama yake, N'Dare, ni binti wa ukoo wa kifalme kutoka Kenya. Wote ni watu wa kubuniwa. Mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum walimtoa kwa mara ya kwanza mwaka 1975 katika kitabu kiitwacho Giant-Size X-Men namba 1, cha kampuni ya Marvel ya Marekani.

Swali la pili ndilo gumu. Tangu 1975 hadithi yake haijawahi kukatika. Vitabu hivi hutoka kama vijitabu vyembamba, kila kimoja na namba yake, na waandishi hupokezana usukani kama madereva wa basi la masafa marefu. Mwanamke aliyeanza na mvua ya kijiji kimoja sasa ameshatawala kwenye sayari nyingine. Ukichukua toleo jipya leo utakuta watu wanazungumza mambo usiyoyajua. Ukianza toleo la kwanza kabisa na kwenda kwa mpangilio, utachoka kabla hujafika patamu.

Ushauri wetu ni huu: anza katikati. Tafuta Uncanny X-Men namba 186 ya mwaka 1984, kisha ruka mpaka namba 198 ya mwaka 1985. Yote mawili yaliandikwa na Chris Claremont, aliyeandika X-Men kuanzia 1975 mpaka 1991, na kuchorwa na Mwingereza Barry Windsor-Smith. Yanaitwa Lifedeath, sehemu ya kwanza na ya pili. Matoleo ya katikati yaache kwanza, hutapoteza kitu.

Katika namba 186 Storm ameshapoteza nguvu zake. Ofisa wa serikali alifyatua silaha mpya akimlenga mwenzake, ikampata yeye. Hawezi tena kupaa, wala hausikii upepo. Anauguzwa nyumbani kwa fundi mmoja aitwaye Forge, wanapendana, halafu anagundua kwamba silaha ile ilitengenezwa na Forge mwenyewe. Sehemu kubwa ya kitabu ni watu wawili wanaoongea ndani ya nyumba. Kwa aliyezoea katuni za ngumi na milipuko, hili litamshangaza, na ndiyo sababu tunalipendekeza: unamjua Storm kama mtu kabla hujamjua kama radi.

Namba 198 inamrudisha Afrika, akiwa amejeruhiwa na anatembea kwa miguu. Njiani anakutana na msichana mjamzito aitwaye Shani, anayerudi kijijini kwao kutoka mjini. (Jina hilo walilipatia. Na ukitaka kulitafsiri jina la kampuni yenyewe, Marvel, shani ni neno linalofaa kabisa.) Wanafika kijijini wakikuta nchi imekauka. Mtoto anazaliwa hapumui, na Storm ndiye anayemrudishia pumzi, kwa mikono na mdomo tu. Kisha mzee wa kijiji, Mjnari, anamweleza kwamba ardhi ile haiwezi tena kulisha kila anayezaliwa, na kwamba mtoto akiingia, mzee mmoja hujiondoa. Huwezi kusoma kurasa hizo haraka. Jina la mzee, hata hivyo, halikupitia kwa mtu anayejua Kiswahili.

Ukitaka kuelewa kwa nini ukame ule unamuuma Storm kuliko mtu mwingine, kuna jambo moja la ujana wake la kulijua. Aliwahi kuleta mvua kwenye sehemu yenye ukame, watu wakashangilia, kumbe unyevu ule alikuwa ameuvuta kutoka kwingine. Huko kwingine mimea ikafa na wanyama wakafa. Ainet, bibi aliyemlea, ndiye aliyemfundisha kwamba mvua hakuiumba, aliihamisha tu.

Sisi tunaosoma utabiri kila asubuhi tunaliona hilo kuwa wazo zito kuliko mapambano yote ya X-Men. Mamlaka ya Hali ya Hewa huziweka Kakonko na Kibondo kwenye maeneo ya vuli na masika, na Kasulu kwenye mvua za msimu, na kila mwaka kuna mtu anayetuuliza kwa nini kwa jirani imenyesha na kwake bado. Watu wetu hawajawahi kukosa majibu. Huko Bunyore, magharibi mwa Kenya, ukoo wa Nganyi umejulikana kwa vizazi vingi kwa kutabiri mvua kwa kuangalia miti, wadudu, ndege na upepo kwenye misitu yao mitakatifu. Miaka ya karibuni wataalamu wa hali ya hewa wa Kenya wameketi nao, wakalinganisha ishara za wazee na vipimo vya mitambo, wakatoa utabiri wa pamoja, na redio ya jamii ikawa mojawapo ya njia za kuufikisha kwa wakulima. Mtu aliyekulia kwenye habari kama hizo anamsoma Storm tofauti na kijana wa New York.

Ukimaliza hayo mawili, rudi nyuma mpaka X-Men namba 102 ya mwaka 1976. Hapa ndipo utoto wake unaposimuliwa. Wazazi walihama naye kutoka New York kwenda Cairo, na wakati wa vita vya Suez vya 1956 ndege ikaiangukia nyumba yao. Ororo alifukiwa na kifusi akiwa hai, pembeni ya mwili wa mama yake. Tangu siku hiyo hawezi kuvumilia sehemu iliyofungwa, na hofu hiyo inarudi katika karibu kila hadithi yake nzuri. Alilelewa na wezi wa mitaani, akawa hodari wa kufungua kufuli, na alipofika umri wa miaka kumi na miwili hivi akaanza kutembea kuelekea kusini, peke yake, mpaka tambarare za Serengeti.

Hapa tunaomba tusimame kidogo. Kambi ya Mtendeli ilifunguliwa tena mwaka 2016 kupokea ndugu zetu kutoka Burundi, na ilipofungwa mwaka 2021 waliokuwa wamebaki walihamishiwa Nduta. Wapo wasomaji wetu, na wapo watoto wa wasomaji wetu, ambao safari ya miguu bila wazazi kwao siyo hadithi ya kubuni. Kwa hiyo kama unataka kumpa mtoto namba 102, isome wewe kwanza. Wengine itawafaa, kwa sababu ni nadra kukuta shujaa mkubwa namna hii aliyewahi kuwa mtoto anayetembea barabarani bila mtu. Wengine hawatakuwa tayari kuona ukurasa ule wa kifusi, na hakuna haraka.

Baada ya hapo ndipo usome lile la kwanza kabisa, Giant-Size X-Men namba 1. Liweke hapa na si mwanzoni kwa sababu utalihitaji kulisamehe. Profesa Charles Xavier anazunguka dunia kukusanya kikosi kipya: mmoja Kanada, mwingine Ujerumani, mwingine Urusi. Anapofika Kenya anamkuta Storm akiabudiwa kama mungu wa kike wa mvua, na wanakijiji hawana kazi nyingine zaidi ya kuabudu. Hakuna mwenye jina wala anayelima. Katika matoleo ya miaka hiyo Kenya, Serengeti na bonde la Kilimanjaro huchanganywa kana kwamba mpaka haupo. Waandishi walikuwa mbali na huku, na inaonekana. Bado, mwaka 1975, kumweka mwanamke Mwafrika kwenye kikosi cha mashujaa, tena si kama mtumishi wa mtu, lilikuwa jambo ambalo katuni za Marekani zilikuwa hazijalizoea. Mwaka 1986, katika namba 201, akiwa bado hana nguvu zozote, anapambana na Cyclops kugombea uongozi wa kikosi na anamshinda. Hilo soma wakati wowote, ni tamu.

Sasa, anga za juu. Wanaotuuliza wengi wanataka kufika huku haraka, na kuna milango mitatu. Wa zamani ni Uncanny X-Men namba 155 hadi 167, za 1982 na 1983, ambapo kikosi kinatekwa na viumbe waitwao Brood, na Storm anaungana nafsi na Acanti, mnyama mkubwa kama nyangumi anayeogelea kati ya nyota. Mlango wa pili ni Planet-Size X-Men namba 1 ya mwaka 2021. Humo watu wenye vipaji kama vya Storm wanaigeuza sayari ya Mirihi, iliyokuwa jangwa jekundu, ikawa na hewa na maji, na Storm anakuja kuwa msimamizi wake na msemaji wa sayari zote zinazolizunguka jua letu. Cheo hicho kwa Kiingereza ni Voice of Sol. Ndiyo, ni Sauti ya Sol, na hapana, hakihusiani na vijana wa Nairobi wa muziki. Mwendelezo wake unaitwa X-Men Red, umeanza 2022, umeandikwa na Al Ewing, na swali lake kubwa ni kama watu wa sayari ile wanahitaji mtawala hata kidogo.

Mlango wa tatu ni mpya na ndio rahisi kwa asiyetaka historia ndefu: mfululizo uitwao Storm, ulioanza Oktoba 2024. Mwandishi wake ni Murewa Ayodele, Mnigeria, na mchoraji ni Lucas Werneck wa Brazil. Unaanza na mlipuko wa mionzi katika mji wa Oklahoma City, na baadaye Storm anakuwa chombo cha Eternity, yaani Umilele, kiumbe ambacho ndicho ulimwengu wenyewe. Hapo radi zake zimetoka kwenye mawingu ya kijiji zikafika kwenye nyota. Tofauti ya kumsoma akiandikwa na mwandishi Mwafrika inaonekana mapema.

Ndoa yake na Black Panther, ya mwaka 2006, tunaiacha kwa makusudi. Isome baadaye kama sinema ya Wakanda ilikupendeza.

Mambo ya kuandaa. Matoleo tuliyoyataja ni ya Kiingereza, ila lugha yake si ngumu sana na picha zinasaidia. Waliosoma Burundi au Congo wanaweza kutafuta tafsiri za Kifaransa, na huko wasitafute jina Storm, watafute Tornade. Kwa simu janja, Marvel wana programu iitwayo Marvel Unlimited ambayo matoleo ya zamani yamo. Hulipiwa kwa kadi, hata ile ya mtandaoni inayotolewa na baadhi ya huduma za pesa za simu, na ada hukatwa kila kipindi mpaka utakapoisitisha mwenyewe, kwa hiyo weka alama kwenye kalenda. Picha hula bando kuliko maandishi. Ukienda mjini kwenye mtandao wa Wi-Fi, pakua matoleo manne au matano ndani ya programu hiyo, kisha uyasome nyumbani bila intaneti. Kioo cha simu kikiwa kidogo, igeuze ilale na ukuze picha moja moja badala ya ukurasa mzima, maana Windsor-Smith alichora mistari myembamba sana na usiku kwenye mwanga hafifu hutaiona.