Mapigo ya Moyo na Kisanduku cha Betri

Somo la leo ni la historia, nalo lahusu moyo.

Wekeni mkono kifuani. Moyo wapiga sawasawa kwa sababu ndani yake mna umeme mdogo sana, uanziao juu na kushuka chini kwa njia yake. Njia hiyo ikikatika, moyo hupiga polepole mno, na mtu aweza kufa.

Watoto wengine huzaliwa na tundu katika ukuta utengao vyumba viwili vya chini vya moyo. Mwaka 1954, huko Minnesota, Marekani, Daktari Walton Lillehei alianza kuyaziba matundu hayo. Wakati wa kupasua, damu ya mtoto ilipitishwa katika mwili wa mtu mzima, mara nyingi mzazi wake, ili moyo na mapafu ya mzazi yawafanyie kazi wote wawili.

Lakini ile njia ya umeme hupita kando ya tundu. Sindano ikiijeruhi, tundu laziba, lakini mapigo yaharibika. Watoto kadhaa walikufa hivyo.

Mwanzoni mwa mwaka 1957, Lillehei alitia waya mwembamba katika moyo wa mtoto, akauunganisha na mashine iliyopata umeme ukutani. Moyo ukapiga vema. Lakini tarehe 31 Oktoba mwaka huo, umeme ulikatika mjini Minneapolis. Basi mashine ya ukutani yafaa nini gizani?

Lillehei akamwendea fundi wa vyombo vya hospitali, Earl Bakken. Huyu alikumbuka mchoro aliouona gazetini, wa chombo kiwasaidiacho wanamuziki kushika mapigo. Kwa muda wa wiki nne hivi akaunda kisanduku kidogo cha betri na transista. Kilijaribiwa kwa mbwa. Kesho yake Bakken alikikuta kimekwisha fungwa kwa mtoto.

Tumejifunza nini? Kuziba tundu si mwisho wa safari. Kovu lililobaki moyoni laweza kuvuruga mapigo hata baada ya miaka mingi. Aliyepasuliwa moyo utotoni asiache kwenda kupimwa. Akizimia, au moyo ukienda mbio bila sababu, aende hospitali upesi.

Maswali:
1. Kwa nini kuziba tundu kuliweza kuharibu mapigo?
2. Betri ilishinda umeme wa ukutani kwa jambo gani?

Andikeni majibu madaftarini. Kwaherini.