Kutoka Mtihani Mmoja hadi Miaka Minne: Njia ya Chuo, Tanganyika na Texas

Tanganyika ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, chuo kikuu chake kilikuwa na umri wa wiki sita tu. Kilifunguliwa Oktoba mwaka huo katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na kitivo kimoja, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 15. Miongoni mwao alikuwamo Julie Manning, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Sheria.

Kabla ya hapo, kijana aliyetaka elimu ya juu aliitazama Makerere, Uganda. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipita huko: Tabora mwaka 1937, Makerere 1943, kisha Edinburgh 1949. Mlango ulikuwa mwembamba na ufunguo wake ulikuwa mtihani. Pepa za Cambridge zilitungwa Uingereza na kusahihishwa huko huko. Mwaka 1973 tukaunda Baraza letu la Mitihani, lakini mazoea ya pepa za mwisho kuamua maisha ya mtu hayakuondoka na Mwingereza. Wengi wetu tunaoishi Houston, Dallas na Fort Worth tumelelewa nayo. Kidato cha tatu mtu alicheza mpira, kidato cha nne akaanza kupiga msuli, na akipata divisheni wani hakuna aliyemuuliza mwaka uliotangulia alishika nafasi ya ngapi.

Watoto wetu huenda hawajui kwamba nchi yetu iliwahi kujaribu njia nyingine. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilitoa Azimio la Musoma. Pamoja na mambo mengine, liliamua kwamba anayemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Kwanza afanye kazi, kisha aombe nafasi akiwa na mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama. Shuleni nako maendeleo ya kila siku na tabia vikaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani. Wapo wazee wetu waliozitafuta barua hizo, na wengine hadi leo hawalisifu Azimio hilo, kwa kuwa si kila mwenyekiti wa tawi alikuwa mwepesi wa kuandika. Baadaye utaratibu huo ulilegezwa. Lakini mzazi anayeshangaa kwa nini chuo cha Marekani kinataka barua ya mwalimu na habari za kazi za kujitolea, amuulize babu.

Texas nayo ina historia yake ya mlango mwembamba. Mwaka 1946 Heman Sweatt, Mmarekani mweusi aliyekuwa akisambaza barua za posta hapa Houston, aliomba kusomea sheria Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Alikataliwa kwa rangi yake. Badala ya kumpokea, serikali ya jimbo ilianzisha chuo cha watu weusi Houston mwaka 1947, ndicho tunachokijua leo kama Texas Southern University, pale Third Ward. Sweatt hakukubali, na mwaka 1950 Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru Austin impokee.

Nusu karne baada ya ombi lake, mwaka 1996, mahakama ya rufaa katika kesi ya Hopwood ilikataza vyuo vya Texas kuangalia rangi ya mwombaji. Wabunge wa jimbo wakatafuta njia nyingine, na mwaka 1997 wakapitisha sheria ya asilimia kumi: mwanafunzi aliye katika kumi bora kwa kila mia wa shule yake anapokelewa moja kwa moja katika vyuo vya umma, awe anatoka shule ya matajiri au mtaa wa maskini. Kwetu sisi wageni hii ni sheria nzuri, kwa sababu haiulizi mzazi anamjua nani.

Ugumu wake uko kwenye kalenda. Nafasi ya mtoto kwa kawaida huhesabiwa mwisho wa darasa la kumi na moja au katikati ya la kumi na mbili, na alama zinazoijenga zinaanza darasa la tisa. Mtoto anayesubiri mwaka wa mwisho ili apige msuli kama baba yake anakuta hesabu imeshafungwa.

Kuna na jambo la fomu. Tangu sheria ya 2013, mtoto anapoingia darasa la tisa anachagua mkondo wa masomo, na mzazi anatia saini. Ili afaidi asilimia kumi, kwa kawaida anatakiwa kumaliza katika kiwango ambacho fomu inakiita Distinguished Level of Achievement, chenye hisabati miaka minne, Algebra II ikiwamo, na sayansi miaka minne. Baada ya darasa la kumi sheria inamruhusu mzazi kusaini mtoto apunguziwe mzigo. Mzazi aliyetoka zamu ya usiku anaweza kusaini karatasi hiyo akidhani ni ruhusa ya safari ya shule. Tuzisome, au tumpigie mshauri wa wanafunzi simu kwanza.

Mlango wa Austin umezidi kubana. Tangu sheria ya 2009 chuo hicho kinaruhusiwa kupunguza asilimia. Ilifika sita, na kwa wanaoingia msimu wa vuli wa 2026 ni tano. Vyuo kama Houston na UT Arlington bado viko wazi kwa kumi. Na zipo shule ambako mtoto anaanza masomo ya chuo akiwa sekondari, kupitia Houston Community College, Dallas College au Tarrant County College.

Maombi ya Austin na ya Texas A&M hufungwa tarehe 1 Desemba, siku nane kabla ya sikukuu yetu. Vijana wa darasa la kumi na mbili watakaokuwa ukumbini watakuwa wameshayapeleka. Wa darasa la tisa watakuwa wanamalizia muhula wao wa kwanza, na alama zake zinahesabiwa.