Mapato Yasiyopita Mlangoni: Historia ya Uchumi wa Klabu Ndogo za Soka katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, 1986–2024

1.0 Utangulizi

Katika msimu wa 2017/18, Njombe Mji FC ilicheza Ligi Kuu Tanzania Bara baada ya kupanda daraja pamoja na Lipuli ya Iringa na Singida United. Msimu ulipokwisha, ilishuka pamoja na Majimaji ya Songea. Mtu anayefuatilia matokeo pekee ataliona tukio hilo kuwa la kawaida, kwa kuwa kila ligi ina wanaopanda na wanaoshuka. Mwanahistoria wa uchumi huona jambo jingine. Katika mwaka huo mmoja, klabu ya mji wa pembezoni iliingia katika mfumo wa mapato ambao kitovu chake hakikuwa tena mlango wa uwanja, kisha ikatolewa humo kabla haijapata nafasi ya kuujengea msingi.

Insha hii inachunguza namna klabu ndogo za Nyanda za Juu Kusini zilivyopata fedha bila kutegemea watazamaji wanaolipa kiingilio. Hoja yake kuu ni kwamba mapato ya aina hiyo si zao la televisheni wala la ugonjwa wa UVIKO-19. Yamekuwapo muda mrefu, na kilichobadilika ni mlipaji. Zamani alikuwa mwajiri, baadaye halmashauri na mdhamini, na sasa ni kampuni ya matangazo. Kila mlipaji alikuja na sharti lake, na sharti hilo ndilo lililoamua klabu ipi idumu na ipi itoweke.

2.0 Udhaifu wa kiingilio katika miji midogo

Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo iliukuta na watu 702,097. Wengi wao ni wakulima wa viazi, mahindi, chai na miti ya mbao, waliotawanyika katika vilima na mabonde. Makambako, mji ulio kwenye njia panda ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia na barabara ya Songea, una wasafiri wengi na kituo cha reli ya TAZARA, lakini mpita njia si shabiki. Katika tarafa za mbali hali ni ngumu zaidi. Matamba, iliyoko ukingoni mwa uwanda wa Kitulo wilayani Makete, hufikiwa kutoka Chimala kwa barabara yenye kona 57. Haitarajiwi mkazi wa huko apoteze siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi ili akatazame mechi mjini Njombe.

Muundo wa ligi nao ulipunguza uwezo wa mlango. Mwaka 2017/18 ligi ilikuwa na timu 16, hivyo kila timu ilicheza mechi 15 nyumbani. Kati ya hizo, ni mbili tu zilizoileta Simba au Yanga, klabu zenye wapenzi kila mkoa. Klabu iliyopanga bajeti ya mwaka kwa kutegemea kiingilio ilikuwa, kwa hakika, inategemea alasiri mbili. Mvua ikinyesha siku hiyo, au mechi ikipangwa katikati ya juma wakati watu wako shambani, hesabu ya mwaka mzima iliyumba.

Umiliki wa viwanja uliongeza tatizo. Viwanja kadhaa vikubwa vya mikoa, kama Sokoine wa Mbeya, Samora wa Iringa na Majimaji wa Songea, vinamilikiwa na Chama Cha Mapinduzi. Klabu inayocheza katika uwanja wa mtu mwingine haina uhuru wa kuuza mabango ya kudumu, kukodisha maduka ya ukutani wala kuandaa matamasha. Hubakiwa na mgawo wa tiketi baada ya kodi na makato mengine, na siku zisizo na mechi haipati chochote.

3.0 Mwajiri kama mlipaji

Kabla ya haki za matangazo kuwa na bei, klabu nyingi nje ya Dar es Salaam ziliishi kwa mgongo wa taasisi. Reli ya Morogoro, Pamba ya Mwanza na Ushirika ya Moshi ni majina yanayojieleza, kwani nyuma ya kila timu kulikuwa na shirika au chama cha ushirika. Mchezaji alikuwa mwajiriwa, alipata mshahara wa kazi, na mara nyingi usafiri wa timu ulitokana na magari ya taasisi. Kwa lugha ya leo, hayo yalikuwa mapato yasiyohitaji mtazamaji hata mmoja.

Si kila mafanikio ya mikoani yalitokana na taasisi kubwa. Tukuyu Stars, kutoka mji mdogo wa wilaya ya Rungwe, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986. Ushindi huo hutajwa kama ushahidi kwamba mji mdogo unaweza kushindana. Hata hivyo, klabu hiyo haikubaki kileleni. Ubingwa ulileta heshima, lakini katika mfumo wa wakati ule heshima haikuwa na njia ya kugeuka kuwa fedha za msimu uliofuata.

Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 ulipoyaondoa mashirika mengi ya umma, klabu zake zilipoteza mlipaji. Zilizodumu ni zile ambazo mwajiri wake hakubinafsishwa au alibaki na nguvu, yaani za majeshi, kama Tanzania Prisons ya Mbeya, na za viwanda, kama Mtibwa Sugar iliyotwaa ubingwa mwaka 1999 na 2000. Orodha hiyo inaonyesha kwamba uimara wa klabu ulifuata uimara wa mwajiri kuliko wingi wa mashabiki.

4.0 Halmashauri na wadhamini

Mfano uliofuata ulitokea Mbeya. Mbeya City, iliyoanzishwa chini ya Halmashauri ya Jiji mwaka 2011, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2013 na kumaliza msimu wake wa kwanza katika nafasi ya tatu. Miji mingine ya ukanda huo ilijifunza kwamba bajeti ya umma inaweza kuwa mtaji wa timu. Lakini fedha ya halmashauri hupita katika vikao vya madiwani, na hushindana na zahanati, madarasa na barabara za vijijini. Mlipakodi wa kijijini ambaye hatauona uwanja maisha yake yote ana haki ya kuuliza kwa nini achangie posho za wachezaji. Kwa hiyo udhamini wa halmashauri una uhalali pale tu timu inapotoa huduma inayomfikia hata asiyekwenda uwanjani.

Udhamini wa kampuni nao una historia ya kuonya. Singida United ilipanda pamoja na Njombe Mji, ikiwa na mkataba wa SportPesa, kampuni ya kubashiri iliyozidhamini pia Simba na Yanga. Ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2018 na kufungwa na Mtibwa Sugar mabao 3-2. Mwaka 2020 ilishuka daraja. Katika mwaka huohuo zilishuka pia Lipuli, Ndanda na Alliance. Klabu mbili kati ya tatu zilizopanda mwaka 2017 zikawa zimefuata njia ya ile ya kwanza ndani ya misimu mitatu.

5.0 Televisheni: mlipaji mpya na sharti jipya

Mwaka 2013 Azam Media ilinunua haki za kuonyesha Ligi Kuu kwa miaka mitatu, kwa thamani ya shilingi bilioni 5.56. Kila klabu ilipangiwa shilingi milioni 100 katika msimu wa kwanza. Yanga iliupinga mkataba huo, na upinzani wake uliibua swali la msingi: je, klabu yenye mamilioni ya wapenzi ipate sawa na ile yenye mashabiki wa wilaya moja?

Jibu la kinadharia lilikuwa limekwisha tolewa mwaka 1964 na mwanauchumi wa Marekani, Walter Neale, aliyeonyesha kuwa michezo ya kulipwa ni biashara ya ajabu, kwa sababu mshindani ni mshiriki katika kuzalisha bidhaa. Simba haiwezi kuuza mechi ikiwa peke yake. Mechi ya Simba dhidi ya Njombe Mji ilikuwa na wazalishaji wawili, hata kama mtazamaji wa Dar es Salaam alimfahamu mmoja tu. Kwa mtazamo huu, mgawo sawa wa sehemu ya fedha ni malipo ya kazi iliyofanywa na klabu ndogo, wala si sadaka.

Mkataba wa 2016 ulifikia shilingi bilioni 23 kwa miaka mitano, na ule wa 2021 shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Wastani wa mwaka ulipanda kutoka bilioni 4.6 hadi bilioni 22.56, takribani mara tano. Hata hivyo, mkataba wa 2021 uliweka pia zawadi kulingana na nafasi, huku bingwa wa msimu wa kwanza akitengewa shilingi milioni 500. Fedha zikaongezeka, na umbali kati ya wa juu na wa chini ukaongezeka pia. Juu ya hayo, haki hizo huambatana na daraja, si na klabu. Anayeshuka hupoteza mgawo katika mwaka uleule anaouhitaji zaidi.

Athari nyingine inaonekana katika vibanda umiza vya Njombe na Makambako. Shabiki hulipa ili aone mechi, lakini hulipa kwa mwenye kibanda na kwa mwenye king'amuzi. Watazamaji hawakutoweka. Walihamia mahali ambapo klabu ya mji wao haina mlango.

6.0 Jaribio la mwaka 2020

Tarehe 17 Machi 2020 Serikali ilisimamisha michezo kutokana na UVIKO-19, na Ligi Kuu ikarejea tarehe 13 Juni. Ujerumani ilirejesha ligi yake tarehe 16 Mei bila watazamaji, kwa sababu fedha za matangazo zilitosha kuifanya mechi ya uwanja mtupu iwe na maana ya kibiashara. Nchini Tanzania mashabiki waliruhusiwa kurudi kwa masharti. Miezi hiyo mitatu ilibainisha tofauti ambayo mijadala mingi huichanganya: kukosa watazamaji na kukosa mechi ni mambo mawili. Televisheni hufidia la kwanza, wala haifidii la pili. Klabu yenye mwajiri iliendelea kuwa na mlipaji hata mechi zilipokoma.

7.0 Vyanzo visivyofuata daraja

Kutokana na historia hii, swali lenye tija ni chanzo kipi hubaki na klabu inaposhuka. Viwili vinastahili kutajwa.

Cha kwanza ni malezi ya wachezaji. Kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila mwaka wa umri wa miaka 16 na kuendelea una asilimia 0.5 ya ada. Klabu iliyomsajili kijana kwa miaka miwili akiwa na umri huo itapata asilimia 1, yaani dola 10,000 kwa uhamisho wa dola 1,000,000, hata kama wakati huo iko daraja la mkoa. Safari ya Mbwana Samatta, kutoka African Lyon na Simba hadi TP Mazembe, Genk na Aston Villa, inaonyesha kuwa mlolongo huo si ndoto. Sharti lake ni kumbukumbu sahihi za usajili. Klabu isiyotunza karatasi haiwezi kudai.

Cha pili ni haki ya pamoja juu ya ratiba na majina. Nchini Uingereza, hukumu ya mwaka 1959 kati ya Football League na Littlewoods iliitambua ratiba kuwa mali yenye hakimiliki, na kampuni za kubashiri zikailipa Ligi yenye klabu 92. Mahakama za Ulaya baadaye ziliipunguza nguvu haki hiyo, lakini somo lake limebaki: klabu ndogo zilipata kwa kudai pamoja kile ambacho hakuna hata moja ingekipata peke yake.

8.0 Hitimisho

Mwaka 2024, Ihefu, klabu iliyotoka Mbarali, jirani na Njombe, ilianza kuitwa Singida Black Stars katika makao mapya. Tukio hilo linaonyesha mwisho wa mwelekeo uliojadiliwa hapa. Mapato yanapoambatana na nafasi katika ligi pekee, nafasi hiyo hugeuka bidhaa, na mji unaweza kuamka ukiwa hauna timu ingawa timu haijafa. Insha hii inapendekeza kwamba Bodi ya Ligi itenge sehemu ya fedha za matangazo kwa klabu zinazoshuka, kwa angalau msimu mmoja, na kwamba vyama vya soka vya mikoa vifundishwe kutunza kumbukumbu za usajili wa vijana. Mtazamaji asiyefika uwanjani anaweza kuilisha klabu. Bila msingi unaobaki mjini, hataweza kuizuia isiondoke.